Makaa Yasiyo na Moshi

Siku Bi Mstari alipokunja shuka upogo, wenzake wawili wa chumba cha pasi waliacha kazi wakamtazama. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwenye meza ya pasi, kwa kuwa kila shuka iliyopita mikononi mwake ilikunjwa ncha kwa ncha, na mikunjo yake ilinyooka kama safu za watu wanaosali. Hoteli zilimjua kwa mikunjo hiyo, na matroni wa hospitali alikuwa na tabia ya kuipitishia kidole na kutabasamu peke yake. Sasa mjane huyo alisimama akiwa ameshika pembe mbili za shuka, akizikodolea macho kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake, kisha akasema polepole kwamba hakumbuki pembe hizo huenda wapi.

"Umechoka, Bi Mkubwa," alisema Kipaza. "Au umetuonea huruma sisi tunaokunja upogo kila siku, ukaona utupe kampani."

Kipaza alikuwa mwanamke wa makamo, na sauti yake ilisikika kutoka chumba cha pasi mpaka kwenye mapipa ya kufulia. Alianza kucheka, lakini kicheko kilikatika njiani, akajishika paji la uso kwa vidole viwili na kuketi juu ya kapu.

Wa tatu hakucheka kabisa. Huyo alikuwa mke wa mwana wa Bi Mstari, mimba yake ikianza kuonekana chini ya aproni. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa safarini kama kawaida yake. Msimu wa mvua uliopita msichana huyu alibeba mimba nyingine, nayo ikatoka katika chumba hikihiki, mchana, katikati ya kazi, bila yeye kuteleza wala kuinua kizito. Siku zile mama mkwe alimwuliza, kwa upole uliokuwa mkali kuliko kofi, ni sala gani aliyoiacha hata Mola akamwondolea ulinzi wake. Msichana aliinamisha kichwa. Na tangu alipobeba mimba hii ya pili, Bi Mstari alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kumwombea, na aliweka nadhiri kwamba mjukuu huyu atazaliwa hai, na chochote kitakachomtaka kitaanza na roho yake yeye.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo la dobi. Kilikuwa na mlango mmoja, madirisha mawili madogo na meza ndefu iliyovishwa blanketi, nacho kilikuwa safi kuliko nyumba nyingi za ibada. Mvua zilipoanza, umeme ulikatika karibu kila siku, pasi za umeme zikalala na pasi za mkaa zikaamka. Hapo ndipo sharia ya Bi Mstari ilipotawala. Mkaa uliwashwa uani, chini ya bati, ukapepewa mpaka ukaiva wote na kuvaa utando wa majivu meupe. Kisha alikuja mwenyewe, akatandaza kitambaa cheupe juu ya jiko na kukishikilia hapo huku midomo yake ikitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kitambaa kikibaki cheupe, mkaa uliruhusiwa kuingia. Kikipata doa hata la punje ya mtama, ulirudishwa upepewe tena. Na ukishaingia, madirisha yalifungwa, nyufa zikazibwa kwa matambara, na mkeka uliokunjwa ukawekwa chini ya mlango, maana upepo wa uani ulileta masizi, na sizi moja juu ya shuka ya mgonjwa liliirudisha shuka hiyo kwenye pipa. Kwake usafi ulikuwa ibada. Jiko moja la makaa mekundu lilikaa pembeni kuzilisha pasi, nao watatu wakafanya kazi mle ndani tangu asubuhi hadi jioni, katika joto tulivu lisilo na moshi hata kidogo.

Baada ya ile shuka ya upogo, mambo yalifuatana. Kipaza alianza kusahau maneno katikati ya sentensi, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu ajue kusema. Magoti yao yalilegea alasiri, wakawa wanaegemea meza kama wazee. Mke wa mwana alisema kuna mtu anamwita kwa jina, karibu sana na sikio, na akigeuka anaona ukuta. Siku nyingine alisema kivuli chake kimechelewa: yeye ameshainua mkono na kivuli bado kimeuteremsha. Alitapika kila siku, na hilo wangeliweka juu ya mimba, kama Bi Mstari naye asingetapika, mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi miaka mingi. Na ajabu iliyowatia baridi zaidi ni kwamba walipotoka kwenda nyumbani vichwa viliwaachia njiani, kama mkono unaofungua vidole vyake kimoja baada ya kingine. Siku za mapumziko walikuwa wazima kabisa. Wakirudi kazini na kufunga mlango, kabla pasi haijapita shuka chache, mkono ule uliwarudia.

"Lina mpaka wake," Kipaza alinong'ona, yeye ambaye hakuwahi kunong'ona. "Halivuki kizingiti. Ni lake hili, chumba hiki ni chake, sisi ndio wapangaji."

Bi Mstari alimkanya asilitaje. Lakini usiku ule alikaa juu ya mkeka wake wa sala akiwaza juu ya viumbe walioumbwa kwa ndimi za moto, moto safi usio na moshi, ambao wanatuona kutoka mahali tusipowaona. Hakuwahi kutilia shaka kuwapo kwao. Alichojiuliza ni kwa nini mmoja wa viumbe hao amekuja kwenye chumba ambamo jina la Mola hutajwa kila mkaa unapoingia.

Ndipo kikaja kile kidude. Mwenye dobi alikuwa ametembelewa na mkaguzi wa usalama wa kazi, akaamriwa atundike ukutani kifaa cheupe cha duara, kama sahani ndogo, chenye taa ya kijani. Mkaguzi alimweleza mwenye dobi, na mwenye dobi alisikiliza kwa sikio moja huku akijibu simu kwa jingine. Alipokileta chumba cha pasi aliwaambia kwa ufupi kwamba ni cha kunusa moshi, moto ukizuka kitapiga kelele, wasikiguse. Bi Mstari karibu aone ni tusi. Moshi, katika chumba chake?

Siku iliyofuata umeme ulikatika, mkaa ukaingia, na kabla ya adhuhuri kidude kikalia. Kililia kwa mkato, vilio vinne, kikanyamaza, vilio vinne tena. Waliruka wakatazama dari, meza, makapu. Hapakuwa na moshi. Bi Mstari alitandaza kitambaa chake cheupe juu ya jiko, akakiinua mbele ya macho ya wenzake, nacho kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kwenye sabuni. Kipaza alikichukua kidude, akatoka nacho uani, na baada ya muda mfupi kikanyamaza. Alipokirudisha ndani kilitulia kidogo, kisha kikaanza upya.

"Bosi katuletea kichanga kinacholilia nje," alisema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye. Mke wa mwana alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Mama," alisema, "kama hakuna moshi, kinamwona nani?"

Hilo ndilo swali lililomwondolea Bi Mstari shaka yake ya mwisho. Chombo kisicho na macho wala imani kilikuwa kimeshuhudia: kuna kitu ndani, na nje hakipo. Angeliweza kulisikiliza swali lile kwa namna nyingine, na mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Lakini moyo ulioshika jibu moja hushika kwa nguvu, na ucha-Mungu haumkingi mtu na kukosea, Mola atusamehe sote. Alikizungushia kidude mataulo mawili, akakizika chini kabisa ya kapu la shuka za hospitali ili sauti yake isimtishe mjamzito. Akakaza matambara ya madirisha, kwa hoja kwamba adui akishajua nyufa za nyumba yako huzitumia. Kisha akamtuma Kipaza kwa Maalim, yule aliyesomea wagonjwa wa mtaa ule na kuosha maiti zake, amwombe aje na dua za kufukuza.

Maalim alituma jibu kwamba atakuja kesho yake baada ya sala ya alasiri, na kwamba mpaka hapo wasikae chumbani humo. Sehemu ya kwanza Bi Mstari aliifurahia. Ya pili aliiona ni ushauri wa mtu asiyejua kwamba shuka za hospitali hazingoji.

Kesho yake mvua haikukoma tangu alfajiri. Mke wa mwana alifanya kazi kimya, akisimama mara kwa mara kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Baada ya adhuhuri aliweka pasi chini na kusema mtoto hajacheza tangu asubuhi.

Damu ya Bi Mstari ilisimama. Alimwambia Kipaza akimbie sasa hivi, asingoje alasiri, amlete Maalim hata kama yuko kwenye sahani yake ya chakula, na Kipaza akatoka akiyumba huku akijifunika kapu tupu kichwani. Bi Mstari alirudisha mkeka chini ya mlango. Hakuweza kukaa bure akimngoja mtu mwingine apiganie damu yake. Alikuwa na ubani na udi kwenye mkoba, aliouweka kwa saa kama hii. Akachukua beseni la bati, akalijaza makaa kutoka kwenye jiko la pembeni, makaa mazuri, mekundu, yaliyoiva, akamketisha msichana kwenye kigoda, akaliweka beseni miguuni pake, akamfunika yeye na beseni kwa shuka moja kubwa nyeupe mpaka chini, na kuanza kusoma.

Moshi wa ubani ulipanda ndani ya shuka, mtamu, mzito, ukampa Bi Mstari faraja, kwa kuwa hatimaye palikuwa na kitu chumbani humo ambacho pua iliweza kukijua. Alisoma akizunguka. Alisoma aya za kujikinga, akahesabu kwa vifundo vya vidole, akapoteza hesabu, akaanza tena. Nje mvua ilipiga bati. Ndani, umbo jeupe lililoketi kwenye kigoda liliinama kidogo upande mmoja.

"Kaza moyo, mwanangu. Kinatoka."

Ndipo ilipoanza sauti. Haikutoka kwa msichana wala ukutani, ilitoka chini ya shuka za hospitali, ndani ya kapu, hafifu, imezibwa, sauti nyembamba inayolia na kukatika na kulia tena, na Bi Mstari, ambaye kwa mikono yake mwenyewe alikizika kidude mle, hakukumbuka kwamba alikizika, kumbukumbu hiyo ilikuwa imeondolewa kichwani mwake kama mtu anavyotoa shuka moja katikati ya rundo bila kuligusa rundo lenyewe, kwa hiyo alichosikia ni kichanga, kichanga kilichofungiwa gizani kikiomba kutolewa, na kutoka chini ya shuka nyeupe msichana naye alikisikia, kwa maana sauti yake ilikuja polepole na kwa mshangao mtulivu kuliko hofu yoyote ikisema, "Mama, mtoto analia," na mama mkwe alitaka kujibu lakini ulimi ulikuwa mzito kama pamba iliyolowa, alitaka kusoma na aya aliyoijua tangu utoto ikaishia katikati, alitaka kwenda kwenye kapu na miguu yake ikatoa habari kwamba si yake tena, naye akashuka taratibu kando ya meza, akiwa hana maumivu, hana hata hofu, akiona tu kwamba makaa ndani ya beseni ni mazuri mno, kwamba yanapumua, kwamba juu yake hewa inacheza kama kitu kinachokaribia kuwa na sura, na kwamba kitu hicho hakina hasira na mtu yeyote, nacho kimekaa hapa muda wote, kwa subira, kama mwenyeji.

Mlango uligongwa. Ukasukumwa, ukakwama kwenye mkeka, ukasukumwa tena kwa bega. Upepo wa mvua ukaingia kama maji.

Kipaza alipiga ukelele. Maalim hakupiga. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, na alivuka chumba akiwa amejiziba pumzi, akamfunua msichana, akambeba kifuani kama anavyobebwa mtoto mdogo na kumlaza uani chini ya bati. Akarudi akamburuta Bi Mstari kwa makwapa. Akarudi mara ya tatu, akalitupa beseni kwenye matope, jiko nalo likafuata, na makaa yakazomea chini ya mvua. Kisha akang'oa matambara ya madirisha kwa mikono miwili.

Kapu lilikuwa bado linalia. Maalim alilipindua, shuka za hospitali zikamwagika sakafuni, akakifungua kidude kutoka kwenye mataulo. Alisoma maandishi madogo mgongoni mwake. Alikuja nacho uani akapiga magoti mbele ya Bi Mstari, aliyekuwa akihema huku maji yakimtiririka usoni.

"Hiki kimelia tangu lini?"

Alimwambia. Maalim akafumba macho.

"Nimeosha watu wengi waliokufa hivi," alisema. "Mume na mke na watoto, wamelala wanyoofu, hakuna jeraha, hakuna alama, na jiko liko katikati yao limezimika. Kila mara majirani waliniambia ni jini."

"Hapakuwa na moshi," alinong'ona Bi Mstari. "Nilipima. Naapa nilipima."

"Moshi ni rehema, dada yangu. Mola aliupa harufu na uchungu ili utufukuze kwenye hatari. Ninyi mliing'oa rehema mkaingiza kilichobaki."

Kipaza, akiwa amempakata msichana, alimwuliza kwa sauti ndogo kama kwa hiyo halikuwa jini. Maalim aliangalia mlango uliokuwa wazi. Alisema yeye ni mtu wa imani, hawezi kukana viumbe ambavyo Muumba amesema aliviumba. Lakini kiwe jini au hewa, kilikuwa kinaingia kwa kubebwa na kukaa kwa kufungiwa, na haijawahi kuteremshwa dua kwa ajili ya kazi ambayo mkono unaweza kuifanya kwa kufungua dirisha.

Gari la hospitali lilipofika msichana alikuwa amefumbua macho. Daktari, mama wa makamo mwenye haraka, aliuliza kuhusu mkaa kabla hajauliza jina. Alieleza kwamba mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mkaa ulioiva huitoa sawasawa na mbichi. Gesi hiyo hung'ang'ania damu na kuketi mahali pa hewa safi. Kidude kile kilitengenezwa kwa ajili yake tu, moshi hakikuujua. Akamfunika msichana barakoa ya oksijeni, akatafuta moyo wa mtoto kwa chombo chake, na baada ya kimya ambacho Bi Mstari alikihesabia dhambi zake zote, moyo ukasikika. Ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwapo. Bi Mstari aliangukia magoti akaanza kushukuru.

Daktari alimshika bega. Damu ya mama, alisema, itasafika mapema. Ya mtoto huishikilia ile sumu zaidi, na huchelewa sana kuiachia. Wangemwacha kwenye oksijeni hata baada ya mama kujiona mzima, na zaidi ya hapo hakuna aliyeweza kuahidi.

Jioni hiyo, kitandani hospitalini, msichana aliisogeza barakoa kidogo.

"Yule wa kwanza, mama?"

Maneno ya kujificha yalimjia Bi Mstari mengi. Angeweza kutaja kudra, na yangekuwa maneno ya kweli katika kinywa cha uongo. Aliyaacha yapite.

"Tulikuwa tumefunga madirisha," alisema. "Mimi niliyafunga. Wewe hukuacha sala yoyote, mwanangu. Nilikusingizia."

Msichana aliirudisha barakoa usoni, akageukia ukuta. Hakuutoa mkono wake katika mkono wa mkwewe, wala hakuukaza.

Katika dobi, mwenye mali aliambiwa na mkaguzi mambo ambayo safari hii aliyasikiliza kwa masikio yote mawili. Madirisha yaling'olewa yakawekwa nondo tupu, na pasi za mkaa zikahamia barazani, ambako masizi yaliruka yalivyotaka na shuka nyingi zilirudi kwenye pipa. Kipaza alirudi kazini. Bi Mstari hakurudi.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kiume, mzima wa viungo, mzuri kwa sura, na wakunga walishukuru. Dereva aliacha lori akaja kumbeba. Bibi alipewa heshima ya kumsemea sikioni maneno ya kwanza ya imani, akayasema yote. Mtoto hakugutuka. Hakugeuza shingo, hakukunja uso, hakulia. Macho yake yalikuwa wazi, meusi, yametulia, na hayakumtazama bibi yake. Yalipita juu ya bega lake na kukaza mahali pamoja, kwenye pembe ya chumba, pale ukuta unapokutana na dari.

Walisema ni uchanga. Wiki zikawa miezi. Walipomwita hakuitika kwa macho, walipompigia makofi hakushtuka, na maziwa alimeza kama anayekumbushwa kila tone. Daktari alimpima, akaeleza kwa sauti ya chini ni sehemu gani za ubongo zilikosa hewa, na kwamba walichokiona ndicho watakachokuwa nacho. Lakini daktari hakueleza kwa nini, katika nyumba ile yenye madirisha yaliyokuwa wazi mvua na jua, mtoto alilazwa upande wowote na macho yake yakasafiri polepole mpaka pembe ileile, na huko yakatua. Na siku moja moja, akitazama huko, alitabasamu.

"Mama," msichana aliuliza mchana mmoja, akimnyonyesha, "anamwangalia nani?"

Bi Mstari alikuwa akikunja nepi mlangoni. Zamani angeita dua, angewasha udi. Aliinuka, akaburuta meza mpaka kwenye ile pembe, akaweka kiti juu ya meza na kujaribu kama kimesimama imara. Kisha mwanamke huyo mzee, mwenye magoti mabovu, akakwea, akaketi huko juu, kichwa chake karibu na dari, mahali hasa ambapo macho ya mtoto yalikuwa yamekaza. Ukuta ule ulikuwa baridi mgongoni pake, baridi kuliko kuta nyingine. Hakushuka.

Na kila siku alipanda hapo, akakaa na kazi yake mapajani, akimwimbia taratibu kutoka juu, ili mtoto, akitazama kule alikozoea kutazama, amkute mtu.